Ombi la Kurudishiwa Dada Mzima

Kwa Mlezi wa Wanafunzi,
Chuo Kikuu.

Ndugu Mlezi,

Yahusu: Malalamiko saba juu ya dada yangu, pamoja na ombi la kumwita chuoni haraka

Kichwa cha barua kinajieleza chenyewe, lakini mwalimu wetu wa lugha alitufundisha kwamba mwandishi wa barua rasmi asimwachie msomaji kazi yake. Kwa hiyo nitajieleza. Mimi ni mdogo wa mwanafunzi wenu wa mwaka wa pili, idara ya upimaji wa ardhi. Nimemaliza shule, nikakubaliwa na chuo chenu hichohicho, na nilikuwa nimeshafunga begi ndipo ugonjwa ukaja mkafunga chuo. Begi bado limefungwa. Tunalitumia kama kiti cha wageni.

Naandika kwa sababu kusema kunanishinda. Nyumbani nikisema jambo, Baba huuliza, "Umesemaje?" na kabla sijarudia huwa nimeshabadili mawazo. Kwenye karatasi hakuna anayeniambia nipaze sauti.

Naomba uamini kwamba sina ubaya na chuo. Lakini ukweli ni kwamba tuliwakabidhi dada mmoja, mzima, mwenye mashavu. Aliondoka akila mkate kwenye dirisha la basi, na kipande kingine amekishika mkononi kama akiba. Mlipofunga, tulipokea mtu anayefanana naye kwa sauti na kwa namna ya kubamiza milango, ila kwa mengine yote ni mgeni. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu sebule. Sebule yetu ni ndogo na ina kazi nyingi. Ni chumba cha kulia. Ni karakana ya Mama, ambaye ni fundi cherehani. Na tangu kinyozi, yaani Baba, afungiwe kibanda chake kwa amri ya watu wa afya, ni mahali anapokaa akiangalia nywele zetu zikikua. Sasa kila asubuhi Dada anasukuma meza ukutani, anaegemeza simu kwenye chupa ya chai, na ndani ya simu, kati ya wenzake wa darasani, anatokea msichana ambaye sote tunamwita Kocha. Kocha anahesabu, Dada anaruka, sahani zinaruka kabatini. Baba, kwa kuwa hana pengine pa kwenda, anakunywa chai yake ameinua miguu ili Dada apite chini anapotambaa.

Siku moja simu iliteleza ikamwelekea Bibi, mama yake Mama, aliyekuwa kwenye kiti chake akichambua mchele. Kocha hakuangalia vizuri akasema, "Wewe wa pembeni, inua goti." Bibi akamjibu, "Mwanangu, goti hili nimeliinua kabla mama yako hajajua kutambaa. Sasa limestaafu. Wewe umekula?" Kocha akarudi kuhesabu. Baadaye Dada alinuna kwamba ameaibishwa mbele ya wenzake. Bibi akasema, "Nimeuliza swali la kawaida. Kama huko chuoni hamuulizani mmekula, mnaulizana nini?" Naomba ofisi yako ijibu swali hilo, maana Bibi bado anasubiri.

2. Kuhusu vitu vya nyumba kugeuzwa vyuma vya mazoezi. Dada ananyanyua dumu la mafuta kwa mkono wa kulia na dumu la maji kwa mkono wa kushoto. Kwa kuwa sisi ni watu tunaotumia maji na mafuta, uzito wa madumu ukapungua bila kulingana, akatuomba tupunguze kupika mpaka mikono yake iwe sawa. Mfuko wa mchele anaubeba mabegani huku akichuchumaa na kuinuka. Baba alisema ni mara yake ya kwanza kuona mchele unaingia mwilini mwa mtu kwa njia ya mabega.

Mbaya zaidi ni pasi ya mkaa ya Mama. Pasi hiyo ni nzito na si chombo cha mchezo. Mwaka jana, Dada akiwa kwenu, iliangukia tepu ya Mama ya kupimia, ikaunguza mwanzo wake, inchi tatu zote zikaenda. Mama alikata palipoungua, akaizungushia ncha kipande cha kitambaa chekundu ili isichanike, na tangu hapo anapima hivyohivyo na kupunguza tatu kichwani. Hataki tepu nyingine, anasema hii wameshazoeana. Nataja haya ili uelewe pasi hiyo ina historia gani, na sasa Dada anaizungusha juu ya kichwa huku amefumba macho.

3. Kuhusu chakula. Siku ya pili tu baada ya kufika, Dada alitoka bafuni uso umemshuka, akatangaza kwamba amejipima na kiuno kimeongezeka kupita kiasi tangu aondoke chuoni. Ndugu Mlezi, alikuwa amesafiri kwa siku moja. Njiani alinunua ndizi mbili na moja alinipa mimi. Nilijaribu kufikiri mtu ananenepaje ndani ya basi akiwa na ndizi moja, lakini yeye ndiye anayesomea vipimo na mimi sijaanza hata mwaka wa kwanza, nikamwachia hesabu.

Tangu siku hiyo Dada anashiba kabla hajakaa. Asubuhi ni maji ya moto na limau. Mchana anakula ute wa yai na kiini ananipa mimi, kwa hiyo nimekula viini vya watu wawili mpaka naogopa kukutana na kuku. Jioni anakaa nasi mezani, anasogeza maharage kutoka upande mmoja wa sahani kwenda upande wa pili, kisha anashukuru na kuondoka. Mama anaifunika ile sahani kwa sahani nyingine, anaiweka kabatini, anarudi kwenye cherehani. Kesho yake sahani iko palepale na mimi naambiwa niimalize. Mama anaendelea kukanyaga cherehani kama kawaida, lakini mara mbili nimeona sindano ikipanda na kushuka bila uzi.

4. Kuhusu wateja. Wateja wa Mama siku hizi huja mmoja mmoja, na barakoa, na husimama mbali. Hawa waliobaki ni watu wa kuwashika kama yai. Kuna mke wa mwenye duka la dawa, mama mmoja mnene mwenye kicheko kinachosikika mpaka nyumba ya tatu. Alikuja kupimwa gauni, akamkuta Dada amesimama kiubavu mbele ya kioo kirefu cha wateja, ameshikilia pumzi. Akasubiri. Dada akaachia pumzi, akamwangalia kwa huruma, akamshauri aache chakula cha jioni. Yule mama hakucheka siku ile. Alipotoka, Mama aliweka mkasi chini na kusema maneno mengi kuliko aliyosema mwezi mzima: "Sikiliza, mwanangu. Mimi nashona watu walivyo. Sikuajiriwa kuwapunguza. Mtu akija hapa na mwili wake, kazi yangu ni kuuvisha upendeze. Wewe nenda kapime viwanja."

Dada alilia bafuni. Mama naye, nadhani kwa kujuta ukali ule, akatoa kitambaa cha bluu alichokuwa amekificha chini ya godoro, akasema atamshonea Dada gauni. Dada hakukubali kuguswa kiunoni. Alijifungia bafuni, akawa anapiga kelele za namba kupitia mlango uliofungwa, na Mama akaziandika kwa chaki ukutani. Gauni liko kwenye cherehani ninapoandika. Sijawahi kuona fundi anampima mtoto wake kupitia mlango.

5. Kuhusu masomo kwa njia ya simu. Wasichana wa darasa la Dada wana kundi la simu ambamo kila Jumatatu wanatumiana picha za matumbo yao. Sikuwa napeleleza, simu ilikuwa kwenye chupa ya chai na mimi nilitumwa kumimina chai. Wavulana, nimesikia, wana kundi lao la mikono. Aliyepungua anapigiwa makofi, aliyeongezeka anapewa pole. Mimi nilidhani pole ni ya msiba au ya mtu aliyejikwaa. Kwenye vipindi vya kawaida Dada anaelekeza simu ili aonekane kuanzia paji la uso kwenda juu, na mhadhiri amezoea kufundisha vipaji vya uso.

Naongeza jambo moja ambalo sijamwambia mtu, nakuambia wewe tu kwa kuwa barua hii ni rasmi. Asubuhi moja nilifika kwenye chupa ya chai kabla ya Dada. Kocha alikuwa ameshafungua simu yake mapema, hajui kuna mtu. Alikuwa anakula mkate. Alikuwa anaula haraka haraka ameinama, kama anayeiba, na huo ni mkate wa kwao. Akaniona. Tukaangaliana. Akaweka kidole mdomoni, nikatikisa kichwa kukubali, kisha akafuta makombo na dakika moja baadaye akaanza kuhesabu kwa sauti ya ukali. Tangu siku hiyo nikimsikia anahesabu namwonea huruma, na sijui kama hilo ni lalamiko.

6. Kuhusu tepu ya Mama kupotea. Kila asubuhi tepu haipo mgongoni pa kiti inapolala, na kila asubuhi baadaye inaonekana imetundikwa kwenye msumari wa bafuni. Mama ameuliza nyumba nzima. Baba alijibu, "Labda inaenda kuoga." Dada yeye ana tepu yao ya chuo, ndefu ya kuzungukia viwanja, kwa hiyo hatukumuuliza. Kusema kweli sina ushahidi kwamba jambo hili linahusu chuo, lakini mwalimu wetu alisema hoja saba zina uzito kuliko sita, nami nilikuwa na sita.

7. Kuhusu mimi. Hili nimeliacha la mwisho kwa sababu ndilo lililonifanya nitafute kalamu.

Ndugu Mlezi, mimi na Dada tulikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuifanya. Wali ukishapakuliwa, sufuria ilikuwa yetu. Tuliketi sakafuni jikoni na kijiko kimoja, tukakwangua ukoko, tukagombana. Yeye alidai upande uliokauka zaidi ni haki ya mkubwa. Mimi nilidai mdogo ana meno mapya. Mambo yangu yote niliyowahi kusema kwa sauti ya kusikika nimeyasemea juu ya sufuria ile, kwa sababu Dada hakuwahi kuniuliza "umesemaje". Alikuwa anangoja, anatafuna, mpaka ninamaliza. Alipoondoka kuja kwenu nilikuwa nakwangua peke yangu na kumwekea mambo ya kumwambia akirudi.

Sasa amerudi na ukoko hataki. Naula peke yangu, wote, kutoka ukingo mpaka ukingo, na mambo niliyomwekea nimebaki nayo. Wiki iliyopita nilimpelekea sufuria mpaka chumbani, nikiamini harufu itanisaidia kuongea. Aliniangalia kwa upendo kabisa, sitaki umfikirie vibaya, akasema, "Mdogo wangu, ukifika chuo watakuangalia. Afadhali uanze sasa." Kisha akanigusa mkono hapa juu, karibu na bega, kwa vidole viwili, kama Mama anavyogusa kitambaa kujua unene wake.

Mimi sikuwahi kuwa na mikono, ndugu Mlezi. Nina maana kwamba ilikuwepo, ilifua, ilibeba maji, iliandika mitihani, lakini sikuwahi kuifikiria. Siku ile nilienda kwenye kioo cha wateja nikaikuta. Tangu hapo navaa sweta. Joto la mwezi huu unalijua. Bibi ameniuliza kama nina homa, na kwa wakati huu wa ugonjwa swali hilo si dogo, kwa hiyo Baba alinipima joto kwa kiganja kilekile anachoshikia vichwa vya watu akiwanyoa, akasema, "Huyu ni mzima, ila amefunikwa." Nataka sana kuja chuoni. Nimetaka tangu nilipokuwa naona jina la chuo chenu kwenye fulana ya Dada iliyoanikwa kambani. Lakini nikiwaza kwamba geti lenu lina watu wanaosubiri kuangalia mikono yangu, natamani begi libaki kiti cha wageni.

Baada ya kueleza hayo yote, naomba ofisi yako ifanye yafuatayo, kwa mpangilio utakaoona unafaa.

Kwanza, chuo kifunguliwe. Kama hakiwezi kufunguliwa kwa wote, kifunguliwe kwa Dada peke yake. Aruke huko. Kumbi zenu ni kubwa na naamini hazina kabati la sahani.

Kama hilo haliwezekani, mtupatie mwanafunzi mwingine kwa muda, wa idara yoyote, mradi awe anakula na anajua kukwangua sufuria. Tutamtunza vizuri na kumrudisha.

Tatu, kuanzia sasa kila mwanafunzi anapoingia chuoni apimwe kama mzigo wa basi unavyopimwa, apewe karatasi, na siku ya kutoka familia irudishiwe uzito uleule ulioandikwa. Ukipungua, chuo kieleze umeenda wapi.

Nne, ombi hili ni la kwangu binafsi. Naomba niruhusiwe kusoma bila kuwa na mwili. Nimefikiria namna. Ninaweza kukaa nyuma ya pazia, Mama atalishona bure, na nikitakiwa kujibu swali nitapitisha karatasi kwa chini. Kwa vile nimeshazoea kutosikika, kutoonekana ni hatua fupi tu. Kama kuna idara ambayo tayari inafanya hivi, naomba nihamishiwe huko.

Najua una familia nyingi za kusikiliza, na kila nyumba kwa sasa imefungiwa na mtu wake. Lakini sisi tunaomba mambo madogo. Tunataka mtu aliyekula mkate dirishani.

Nawasalimu wote hapo ofisini, pamoja na wahadhiri wa upimaji, walinzi wa geti, wapishi wa bwalo ambao nahisi nao wana malalamiko, na mtunza maktaba. Bibi anawasalimu na kukumbusha swali lake. Baba anasema yeyote kati yenu ambaye nywele zimemzidi asione haya, kibanda kikifunguliwa aje. Mama hajui kama naandika kwenu, anadhani namwandikia shangazi, lakini angejua naye angewasalimu.

Ni mimi, mwanafunzi wenu mtarajiwa, ninayekula kwa niaba ya wawili,

Mdogo wake Dada.

Nyongeza baada ya sahihi:

Jana barua ilikuwa imeshakunjwa na nilikuwa natafuta gundi Mama alipomwita Dada ajaribu gauni. Lilikuwa limekwisha mpaka pindo. Dada akalivaa, likamning'inia kama pazia, kiunoni ungeweza kuingiza begi langu la chuo. Baba akasema, "Humo wakipangishwa watu wawili hawatagombana." Hakuna aliyecheka, kwa sababu Mama alikuwa anauangalia mshono wake kama mtu aliyetukanwa. "Tangu nianze kushona sijawahi kukosea kiuno," alisema. "Namba ulizonipa ulipima na nini?"

Dada akasema, "Na tepu yako, Mama. Huwa naichukua asubuhi nikajipima. Nikimaliza naitundika msumarini."

Mama aliivuta tepu kutoka shingoni mwake, akakata uzi wa kile kitambaa chekundu kwa meno, akaifunua ncha. Namba ya kwanza kabisa ni tatu.

Mwanafunzi wenu wa mwaka wa pili aliishika tepu kwa mikono miwili akaisogeza karibu na macho. Akauliza polepole, "Sifuri iko wapi?" Bibi akamjibu, "Iliungua. Wewe hukuwepo." Mama akasema, "Nilidhani umetumia ile yenu ya viwanja. Ningepima mwenyewe ningepunguza tatu. Zako niliziacha kama zilivyo kwa kuwa zimetoka kwa msomi." Baba akasema kwamba kama huko kazini atapima hivi, kuna watu watajikuta wamejenga kwa jirani.

Dada alikaa kwenye begi langu, na gauni likakaa baada yake. "Kwa hiyo siku ile niliyofika," alianza. Mama akamalizia, "Ulifika kama ulivyoondoka." Sikujua kama Dada analia au anacheka, na nadhani naye hakujua. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo mimi huwa naitumia na sikujua kama anayo, "Na kama zingekuwa za kweli, Mama? Hizo tatu?" Mama alikuwa ameshaanza kubandika pini kiunoni. Alijibu na pini mdomoni, "Ningekata kipana zaidi. Kitambaa kipo."

Baadaye Dada aliulizia sahani yake iliyofunikwa. Kwa bahati mbaya nilikuwa nimeshaimaliza, kama nilivyoeleza katika lalamiko la tatu. Mama akabandika wali mwingine jikoni, sufuria kubwa.

Kwa hiyo, ndugu Mlezi, naomba malalamiko yangu yaelekezwe kwa pasi. Chuo hakina kosa, isipokuwa lile la tano, ambalo naomba libaki, maana Kocha hana tepu ya Mama na bado anakula kwa kujificha. Dada amempigia simu pamoja na kundi zima kumwambia habari za sifuri, na Bibi akasogea kwenye simu akamuuliza tena kama amekula. Safari hii alijibu. Alisema, "Ndiyo, Bibi, mkate," mbele ya wote waliokuwa wamejiunga, na msichana mwingine akasema hata yeye. Dada anasema mazoezi ya asubuhi hataacha kwa sababu anayapenda, na Baba tayari ameomba afundishwe kutambaa. Ombi la pazia nalifuta. Yule mwanafunzi mwingine msitutumie. Na kuhusu kufungua chuo mapema, naomba mfanye kinyume kabisa, mchelewe kadiri mnavyoweza, kwa kuwa mambo niliyomwekea Dada ni mengi na jana tumefika nusu tu.

Barua naituma hata hivyo, kwa vile ndiyo barua yangu rasmi ya kwanza na mwandiko umekaa vizuri. Nyongeza hii naiandika jikoni, sakafuni, bila sweta. Dada yuko pembeni yangu na kijiko. Amechukua upande wote uliokauka na anasema ni haki ya mkubwa. Hilo ni lalamiko la nane, lakini msihangaike nalo. Nimeshamwambia mwenyewe, kwa sauti, na Bibi amesikia mpaka sebuleni.